Weka Chini Hilo Dumu la Oili Chafu

"Dada, nina mbwa wa ulinzi, ana miaka miwili. Tangu mwezi wa sita anajikuna usiku kucha mpaka tunasikia bati la banda likigonga. Ncha za masikio zimefanya magamba, viwikoni manyoya yameisha. Jirani ananiambia nimpake oili chafu ya gari, wake alipona hivyo. Na sasa mwanangu wa darasa la pili ametoka vipele mikononi. Naishi Sakina, hapa Arusha. Nimeona nikuulize kabla sijapaka."

Mdogo wangu, asante kwa kuuliza mapema. Wengi hunitafuta wakishapaka, mbwa amelala chini ya mparachichi anatetemeka, na hapo ushauri wa dada unakuwa umechelewa. Barua yako nimeichukua kwa sababu ina mambo yote yanayonifikia kila baridi inapoteremka kutoka Meru: mbwa anayejikuna, jirani mwenye dumu, na mtoto mwenye vipele. Nakujibu wewe, lakini wa Moshono, wa Ngaramtoni na wa Usa River nao wasogeze viti.

Tuanze na jirani. Oili iliyokwisha kutembea kwenye injini imebeba vumbi la vyuma, na masalia ya mafuta yaliyoungua ambayo hata fundi mwenyewe anashauriwa asiyaache kwenye ngozi. Mbwa hana bafu, ana ulimi. Ulichompaka mgongoni jioni, asubuhi nusu yake iko tumboni, na kilichobaki kinanyonywa na ngozi iliyochubuka. Ini na figo ndizo zinazolipa. Akivuta hata kidogo kwenye mapafu wakati anajilamba au anatapika, unaongeza nimonia juu ya upele.

"Lakini wa jirani alipona." Nakubali, inawezekana kabisa alipona. Mafuta mazito hulainisha magamba na huwabana pumzi baadhi ya wadudu, kwa hiyo mbwa anatulia siku mbili tatu na mwenye mbwa anashangilia. Tena iko aina ya upele wa watoto wa mbwa ambao mara nyingi huondoka wenyewe bila dawa yoyote, na hapo oili huchukua sifa isiyo yake. Wale ambao mbwa wao walikufa hawapiti mlango kwa mlango kushauri watu. Mafuta ya taa, dizeli, Jiki na maji ya betri nayaweka kapu hilo hilo.

Kama kuna msomaji ameshapaka, asikimbilie petroli kuitoa. Mpake mafuta ya kupikia kidogo ili oili iachie, kisha muoshe kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mkaushe, mzuie kujilamba, usimlazimishe kutapika. Akianza kuhema kwa shida au kulegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa twende kwenye kinachomwasha. Kuwashwa peke yake hakukuambii anayeuma ni nani, na dawa ya mmoja inaweza isimguse mwingine. Mkalishe mbwa wako kwenye mwanga. Shika ukingo wa sikio kwa vidole viwili, usugue taratibu. Mguu wa nyuma wa upande ule ukianza kupiga hewani, kana kwamba yeye mwenyewe anajikuna, mshuku utitiri unaochimba, ule ambao daktari atauita sarkoptesi. Si ushahidi wa mwisho, lakini ukiunganisha na ulivyoeleza wewe, yaani ncha za masikio, viwiko, kuwashwa kukali usiku, na mtoto kutoka vipele, mimi sihitaji kubahatisha sana.

Utitiri huu huuoni kwa macho. Jike anachimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na kutoka yai mpaka mdudu mzima wa kutaga ni wiki 2 hadi 3. Weka hesabu hiyo kichwani, maana ndiyo inayowaangusha wengi kwenye matibabu. Jambo jingine: kuwashwa kwenyewe kwa sehemu kubwa ni mzio wa mwili kwa wadudu hao na kinyesi chao. Ndiyo maana wadudu wachache tu wanaweza kumfanya mbwa mzima ajirarue mpaka damu.

Ikiwa manyoya yamenyonyoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele ya mtoto wa mbwa, lakini hajikuni sana, huyo ni mwingine: demodeksi. Utitiri huu unakaa kwenye vinyweleo na karibu kila mbwa anao kidogo. Aliupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Hauambukizi majirani wala watoto wako. Mabaka machache kwa mtoto wa mbwa mara nyingi hupona yenyewe akikua na kula vizuri. Ukisambaa mwili mzima, hasa kwa mbwa mkubwa, mara nyingi maana yake kinga imeshuka, na huenda kuna kitu kingine kinachomla ndani. Na jike aliyewahi kuenewa nao mwili mzima, tafadhali usimzalishe, hata kama ni Jamani Shepherd wa pesa nyingi na watu wameshaweka oda za watoto.

Viroboto nao usiwasahau, kwa sababu ndio wanaoongoza kwa kuwasha mbwa popote duniani. Angalia kiunoni na kwenye shina la mkia. Chanua manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa: vile vipunje vyeusi vikiacha rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, ni damu ya mbwa wako. Na wewe unayefuga kuku wa kienyeji, chungulia masikio. Wako viroboto wa kuku ambao hujibandika kwenye ngozi, hasa ukingoni mwa masikio, wakakaa kama mbegu nyeusi zilizopangwa. Huyo mbwa unaweza kumwogesha mwaka mzima. Banda la kuku lisipotibiwa unapoteza sabuni.

Choa ni mabaka ya duara yanayokatika manyoya, nayo huenda kwa watoto pia. Naitaja tu ili usidhani kila mbwa mwenye kipara ana upele.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hatua ya kwanza ni kukwanguliwa ngozi. Daktari anakwangua kwa wembe butu pale kwenye ukingo wa kidonda, anaweka kwenye kioo na tone la mafuta, anaangalia kwa hadubini. Haichukui muda mrefu. Arusha huna kisingizio: kuna madaktari wa mifugo mjini, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa hapa, na kata yako ina afisa mifugo hata kama umezoea kumwona wakati wa chanjo za ng'ombe tu. Kuelekea Usa River wapo pia Mbwa wa Africa, wanaookoa mbwa waliotupwa. Kwao upele si habari ngeni. Lakini ujue jambo moja ambalo huwavuruga watu. Demodeksi huonekana kirahisi, sarkoptesi hujificha. Mara nyingi kipimo hutoka bila kitu wakati mbwa anao. Daktari mzuri atakuambia hivyo waziwazi na kumtibu kwa dalili. Usimwone hajui kazi.

Kitu ambacho sitaki ukubali kirahisi ni sindano ya deksa ya "kutuliza kuwashwa" kabla daktari hajajua tatizo ni nini. Mbwa atalala usingizi mtamu wiki moja, wewe utafurahi, na kama ni demodeksi, umeshusha kinga na kuufungulia mlango. Uliza: hii ni ya kuua wadudu au ya kutuliza tu? Una haki ya kuuliza.

Dawa sasa, na hapa naomba tusikimbie.

Ivermektini ndiyo utakayokutana nayo kwanza kwenye duka la dawa za mifugo, iwe ni Kilombero au Tengeru siku ya soko. Ni dawa nzuri mno. Waliogundua asili yake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo ile ile inayogawiwa bure kwa watu kwenye kampeni za usubi na matende. Shida si dawa, shida ni chupa. Chupa ya ng'ombe imetengenezwa kwa kipimo cha mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho hicho, mbwa wa kilo 5 angepata sehemu moja ya kumi ya mililita. Nani anaweza kuiona sehemu hiyo kwenye bomba la sindano la ng'ombe, jioni, mbwa anarukaruka? Akizidishiwa utaona anapepesuka, mboni zinapanuka, mate yanamtoka, hasikii unapomwita, na wengine hawaamki. Halafu kuna mbwa wa jamii ya Collie, na baadhi ya Jamani Shepherd na machotara wao, ambao kwa kurithi hawawezi kuizuia dawa hii isiingie kwenye ubongo. Kwao hata kipimo cha kawaida cha kutibu upele ni hatari. Katika mji ambao kila mwenye geti anataka kusema mbwa wake "ana damu ya Jamani", hilo si jambo dogo. Apimwe uzito, achomwe na mtu anayejua. Na sindano moja haitoshi, kwa sababu haiui mayai; kwa kawaida hurudiwa baada ya kama wiki 2. Sasa unaona kwa nini nilikuambia ushike ile hesabu.

Amitrazi ndiyo ile dawa ya kuogeshea yenye harufu kali ambayo wafugaji wanaijua kwa kupe. Hufanya kazi kwa upele wa mbwa, lakini mchanganyo wa ng'ombe si wa mbwa, na asiyejua kupima aachane nayo. Inachanganywa upya kila mara, mbwa anapakwa kwenye ngozi iliyokwisha kuoshwa, wewe umevaa glavu na uko nje penye hewa. Haisuuzwi kwa maji; unaiacha ikauke yenyewe, na hapo mzuie kujilamba. Si kwa watoto wa mbwa walio chini ya miezi 4. Na si kwa paka kabisa. Wewe wa Moshono uliyeuliza kama unaweza kumalizia dawa ya mbwa kwa paka: hapana, hapana tena. Hata zile dawa za jamii ya permethrini zinazovumiliwa na mbwa humuua paka.

Kama mfuko unaruhusu, mimi ningeanza na vidonge vya kutafuna. Bravecto, NexGard na Simparica ni vya kundi moja, vinaua viroboto, kupe na utitiri, na mbwa anavila kama kipande cha nyama. Bravecto moja hukaa mwilini kama wiki 12. Bei itakufanya ukune kichwa, lakini piga hesabu ya chupa, nauli na kurudiarudia. Mbwa mwenye kifafa mtaje kwa daktari kwanza, maana vidonge hivi vinaweza kumletea degedege. Na nunua kulingana na uzito, usinunue cha mbwa mkubwa ukakigawa kwa wanne kama mkate.

Wa Usa River ameuliza mwarobaini. Siudharau. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992 uliwapaka watu 814 wenye upele majani ya mwarobaini yaliyopondwa na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Lakini hao ni watu, wasiojilamba, wasio na manyoya, na utafiti wenyewe haukuwa na kundi la kulinganisha. Maji ya majani ya mwarobaini kumsuuza mbwa mkubwa baada ya kuoga sikuzuii, yatatuliza kidogo. Usiyategemee kuua utitiri uliochimba ndani, wala usimnyweshe. Sabuni au dawa ya salfa ina nguvu zaidi na ni pole hata kwa watoto wa mbwa, ila inanuka yai viza na inahitaji kurudiwa kila wiki kwa wiki kadhaa.

Dawa yoyote utakayochagua, mbwa wote wa nyumba moja hutibiwa siku moja, hata yule anayeonekana mzima. Na wa jirani yako pia, kama wanapenya kwenye uzio usiku. Mkae muongee; huenda ndiko upele ulikotoka.

Sasa banda, na hapa Arusha ina shida yake. Vitabu vingi husema utitiri ukitoka mwilini mwa mbwa hufa ndani ya siku 2 hadi 6. Hiyo ni kwenye joto la ndani ya nyumba, nyuzi 20 hadi 25. Kwenye baridi ya nyuzi 10 na unyevu mwingi, maabara zimeona ukiishi mpaka siku 19. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu kule Ilboru au Olmotonyi, banda la mabanzi ya mbao lenye gunia bichi ni hoteli ya utitiri. Yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam hayakutoshi wewe. Choma magunia na nyasi za zamani, chemsha mablanketi uyaanike juani, sugua banda, lipigwe dawa, na kama unaweza mbwa asilale humo wiki 3. Mpe boksi na matandiko unayoweza kubadilisha. Na jamani, mbwa anayefungiwa mchana kutwa kwenye banda la giza lisiloingia jua anaweza kurudiwa na upele hata umpe dawa ya dhahabu.

Vipele vya mwanao: utitiri wa mbwa huweza kumuuma binadamu na kumwasha mikononi na tumboni, lakini hauwezi kuendeleza uzazi wake kwenye ngozi yetu. Mbwa akitibiwa, vipele vya mtoto kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache. Mzuie kumkumbatia mbwa kwa sasa, fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto. Vikizidi, au vikiwa katikati ya vidole na watu wengine wa nyumbani wakaanza kujikuna usiku, huo huenda ni upele wa watu, ugonjwa mwingine; nenda kituo cha afya mtibiwe familia nzima. Usije ukamwogesha mtoto dawa ya mbwa. Nacheka, lakini nimeshaulizwa.

Wakati dawa inafanya kazi mbwa bado atawashwa. Wiki ya kwanza na ya pili usitegemee muujiza, na manyoya huchukua zaidi ya mwezi. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi kidogo, siyo ya moto, mchana wa jua. Sabuni ya unga na Dettol vinachoma ngozi iliyochubuka. Shayiri ya uji iliyolowekwa, ukaisaga na kummwagia maji yake kwa dakika kumi, inatuliza vizuri. Mafuta ya nazi kidogo kwenye magamba, kidogo nimesema. Kata kucha. Ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako inafaa kuwa kola ya kumzuia kujing'ata. Piriton mnayoipenda hufanya kazi ndogo sana kwenye upele huu. Vidonda vikitoa usaha na harufu, anahitaji dawa ya bakteria kutoka kwa daktari, siyo masalia ya vidonge vyako vya kifua.

Chakula nacho. Ugali wa dona mtupu kila siku humkosesha zinki, kwa sababu kuna kitu kwenye nafaka kinachoibana isiingie mwilini, na mtoto wa mbwa aliyekulia hivyo hupata magamba yanayofanana na upele. Ongeza dagaa wasio na chumvi, yai, makombo ya buchani yaliyopikwa. Unga ulioota ukungu usimpe. Kama hauliwi na watu, hata mbwa unamharibia ini.

Kuna kitu kinanikera, nikiseme. Huu ni mji unaoishi kwa wanyama. Chalii wa Arusha anaweza kumwambia mtalii jina la simba wa Serengeti na ukoo wake, ila mbwa anayemlindia gari la kumpeleka huko anapakwa oili ya gari hilo hilo. Na utitiri huu haujui mpaka wa hifadhi: miaka ya 1990 madaktari wa wanyamapori wa Kenya waliripoti duma wa eneo la Mara wakisumbuliwa na sarkoptesi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008, na inamhusu mbwa wako kama inavyomhusu punda wa sokoni.

Mnaoniandikia kuhusu mbwa, naomba mniambie umri wake, uzito, anakula nini, analala wapi, kama kuna paka au kuku nyumbani, na mmeshampaka au kumchoma nini. Hilo la mwisho msinifiche, wala msimfiche daktari, kwa sababu dawa mbili zisizojuana zinaweza kumuua mbwa ambaye upele peke yake usingemuua.